Udongo mweupe wa kunyunyizia vitunguu na nyanya, udongo mweusi wa kushika sumu ya pampu: namna ya kuuandaa mwenyewe

Wandugu wakulima wa huku Kasese, Mubuku, Bwera, na nyie wa Bushenyi mpaka Mbale na Arua, leo nataka tuongelee udongo, lakini si ule wa kupandia. Kuna udongo mweupe ambao ukiuandaa vizuri unaupaka kwenye majani na wadudu wanashindwa kula, alafu kuna mweusi ule wa mbugani unaopasuka-pasuka kiangazi, huo unashika sumu ya dawa kabla haijafika mtoni. Yote miwili tunayo Uganda hii hii. Shida ni kwamba ukiuchimba na kuumwaga kwenye pampu hivohivo utaziba nozo, utaunguza majani na mwisho utasema udongo haufanyi kazi, kumbe kazi yote iko kwenye maandalizi. Ndo maana hapa chini nitakaa sana kwenye kuosha udongo kuliko kwenye kunyunyiza, naomba mnivumilie.

Udongo mweupe unafanya nini kwa mdudu

Huu mweupe ni kaolini. Waganda wanauita noni, ndo ule watu wanapaka ukutani nyumba ing'ae. Kuutumia shambani kitaalamu kulianza Marekani miaka ya 1990, watafiti Michael Glenn na Gary Puterka wa idara ya kilimo ya huko walikuwa wanatafuta kitu cha kukinga miti ya matunda, na ikazaliwa bidhaa inaitwa Surround ambayo mpaka leo wakulima wa ogani, wale wasiotumia kemikali za viwandani, wanaitumia. Ni kaolini iliyosafishwa sana na kuchomwa, chembe zake nyingi ziko chini ya mikroni 2 (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), na unywele wa mtu una kama mikroni 70, kwa hiyo fikiria wembamba huo.

Sasa shika hili maana hapa ndo wengi wanapotea: kaolini haiui. Thripsi, yule mdudu mdogo sana anayeshambulia majani ya vitunguu, akitua kwenye jani lenye utando mweupe, chembe zinamng'ang'ania miguuni na mdomoni, anakaa kujipangusa badala ya kula, na rangi ya jani imebadilika hata hajui kama hapa ni kitunguu, anaondoka akatafute pengine. Akibaki anataga mayai machache. Kwa hiyo asubuhi usiende shambani kutafuta maiti za wadudu chini, hutazikuta. Nenda ukafungue kitunguu pale katikati majani yanapokutana shingoni, penye kivuli, hapo ndo thripsi wanajificha, vidogo vya manjano vinavyokimbia ukivifunulia jua. Hesabu walio hai kwenye mimea kumi uliyonyunyiza na kumi ambayo hujanyunyiza. Hicho ndo kipimo cha kweli.

Inasaidia kwa thripsi, vidukari, inzi weupe, baadhi ya mbawakawa wa majani, na inzi wa matunda kwenye embe na machungwa kwa sababu jike hapendi kutaga kwenye ngozi yenye unga. Tena inapunguza embe na nyanya kuungua na jua. Kwa Tuta, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake wanatoboa nyanya, inapunguza mayai ila usiitegemee peke yake. Kiwavi akishaingia ndani ya tunda au shina amekwisha kukushinda, na minyoo ya mizizi, mnyauko wa bakteria, au blaiti (ukungu unaounguza majani ya nyanya), hapo kaolini haihusiki kabisa, mtu asikudanganye.

Kuupata na kuupima

Kaolini nzuri inajulikana Mutaka kule Bushenyi ya zamani, na Namasera upande wa Wakiso. Ukiwa mbali na huko ulizia wanaopaka nyumba au wafinyanzi, watakuelekeza. Ule wa sokoni wa kina mama wajawazito kula unaweza kuwa kaolini pia lakini mwingine umetiwa chumvi, na chumvi kwenye jani ni kuunguza, kwa hiyo onja kidogo na ulimi kabla hujanunua gunia.

Upime hivi. Dondoshea matone ya siki au maji ya limau, ukitoa povu huo una chokaa ndani, uache, majani hayapendi. Alafu finyanga donge saizi ya limau ulikaushe juani: likipasuka nyufa nyingi na kusinyaa sana huo ni udongo wa kuvimba, si kaolini, uweke kwa kazi ya pili huko chini. Kaolini ikikauka inasinyaa kidogo tu na ukiipangusa kwa kidole inaacha unga laini mweupe.

Kitu kimoja kwa sisi wa Kasese, na hili nalisema kwa uzito. Usichimbe udongo wowote kando ya mto Nyamwamba wala karibu na mabaki ya mgodi wa Kilembe. Shaba ilichimbwa pale kuanzia 1956 mpaka 1982, mabaki yakaachwa bondeni, na mafuriko kama ya 2013 na 2020 yanayasomba kuyashusha chini. Udongo una tabia ya kushika madini, hiyo ndo faida yake tunayoitafuta, lakini maana yake pia kwamba udongo wa pale umeshashika shaba na kobalti tayari na wewe utaenda kuyanyunyizia kwenye mboga za watu. Vilevile usichimbe kinamasini kwenye mafunjo, sheria inakataza na NEMA, mamlaka ya mazingira, wanakamata, na popote utakapochimba ufukie shimo, watoto wetu wanakufa maji kwenye mashimo ya udongo kila msimu wa mvua.

Kuosha, hapa ndo penye kazi

Unahitaji ndoo mbili au jerikani za lita 20 zilizokatwa juu, mpira mwembamba wa kunyonyea maji, kitambaa kizito, turubai, na magadi kidogo. Magadi, si chumvi ya Katwe, watu wanachanganya hivo vitu.

Ponda udongo mkavu, chukua kilo 2, loweka kwenye lita 20 za maji usiku mzima. Usizidishe udongo, ukiwa mzito chembe zinagongana na kushikana na hutapata utengano. Asubuhi tia magadi nusu kijiko cha chai. Magadi haya kazi yake ni kuzifanya chembe za udongo zisukumane, kila moja ikae peke yake majini, wafinyanzi wa viwandani wanatumia ujanja huohuo. Utaona kwa macho: maji yaliyokuwa na mabonge yanageuka kama maziwa. Koroga kwa nguvu kama dakika kumi, mikono miwili, mpaka huhisi tena mabonge chini.

Acha dakika 5 bila kugusa. Mchanga na chembe kubwa zinashuka. Mimina maziwa yale taratibu kupitia kitambaa mpaka ndoo ya pili, ukiona mchanga unaanza kutembea chini simama hapo hapo. Ndoo ya pili ikoroge tena, alafu iache nusu saa kamili. Hapa ni hesabu ya fizikia, chembe ya mikroni 8 inashuka sentimita 10 hivi kwa nusu saa, kwa hiyo baada ya muda huo maji ya juu sentimita 10 yamebaki na chembe ndogo kuliko hapo. Nyonya kwa mpira hizo sentimita 10 za juu tu, mdomo wa mpira ukae karibu na uso wa maji usizame chini. Ukitaka mikroni 2 kama za kiwandani utasubiri kama masaa nane kwa kina hichohicho, na utapata kidogo sana, mi naona mikroni 8 inatosha kwa shamba la kawaida. Kinachobaki chini ongeza maji, koroga, nyonya tena, kuna mali bado.

Sasa maziwa yako hayo yatakaa siku nyingi bila kutulia kwa sababu ya magadi. Kamulia limau, koroga, chembe zitashikana na kushuka mpaka kesho yake. Mwaga maji ya juu, uji uliobaki tia kwenye mfuko wa kitambaa uning'inize uchuje, alafu tandaza kwenye turubai ukauke. Ukikauka twanga, chekecha kwa kitambaa cha nailoni, funga kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) nzito isiingie unyevu. Wakati wa kutwanga funga pua na mdomo na kitambaa chenye unyevu au maski, vumbi la udongo lina silika na mapafu hayasahau.

Kuna watu wataniuliza mbona hatuchomi kama wa kiwandani. Unaweza, lakini ukiuchoma kwenye tanuru la matofali unakuwa mgumu na kuusaga tena mpaka uwe laini kwa kinu cha nyumbani ni mateso bure. Usiochomwa uliooshwa vizuri ni bora kuliko uliochomwa ukabaki na chenga.

Kuchanganya na kunyunyiza

Kiwango ni kati ya gramu 30 na 60 kwa lita moja ya maji. Shika 50, yaani gramu 800 kwa pampu ya lita 16. Ndio ni nyingi, mtu aliyezoea kutia kifuniko kimoja cha dawa atashtuka. Kwa eka moja ya miti ya matunda wenzetu wa Marekani wanatumia kilo 11 mpaka 23 kila mara, kwa hiyo anza na matuta machache uone kabla hujaamua kuosha udongo wa shamba zima.

Usimwage unga kwenye pampu. Uchanganye kwanza pembeni kwenye besheni na maji kidogo mpaka uwe uji, ongeza maji, tia kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, alafu chuja ukiingiza kwenye pampu. Sabuni ni lazima hasa kwa vitunguu, jani la kitunguu lina nta na bila sabuni matone yanateleza yote chini. Tumia nozo ya tundu kubwa kidogo, na uwe unatikisa pampu kila unapotembea hatua kadhaa maana udongo unashuka hata ukiwa mgongoni. Nyunyiza juu na chini ya jani mpaka iwe nyevu yote lakini isichuruzike. Likikauka liwe na weupe mwepesi sawasawa. Ukiona mabaka-mabaka, sehemu kijani sehemu nyeupe, mdudu ataishi kwenye hiyo kijani.

Mara mbili za kwanza ziachane wiki moja ili utando ujengeke, baadaye kila siku 7 mpaka 14 kwa sababu jani jipya linaota bila utando. Mvua kubwa ikipiga unarudia. Ndo maana hii njia ni ya kiangazi, Desemba mpaka Februari na Juni-Julai, wakati thripsi wenyewe wanachachamaa. Msimu wa mvua utaosha udongo, utanyunyiza, mvua itashusha, utachoka. Na siku za mawingu mengi utando mzito unapunguzia mmea mwanga.

Nyunyiza jioni nyuki wakishaondoka na uepuke maua yaliyofunguka. Kuna jambo jingine la kuangalia, utando unasumbua hata wadudu rafiki, kwenye machungwa unaweza kuona wadudu magamba wanaongezeka kwa sababu wanaowala wameshindwa kutembea. Ukiona hivo simamisha.

Alafu habari ya soko. Nyanya zenye unga mweupe-kijivu tunazoziona masokoni mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu, watu wananyunyiza leo kesho wanavuna, na wanunuzi wameanza kuogopa, wana haki kabisa. Kwa hiyo wewe wa kaolini usipeleke nyanya nyeupe ukategemea mtu akuamini. Simamisha kunyunyiza mapema, na ukivuna osha kwa maji safi upanguse na kitambaa, pale kwenye kikonyo tumia brashi laini, hapo ndo unga unakaa. Vitunguu havina shida hiyo, majani unakata.

Udongo mweusi na maji ya kuoshea pampu

Hii sehemu naomba isomwe hata na yule ambaye hana mpango na kaolini. Ukipita jioni kando ya mito yetu utakuta watu wanaosha pampu palepale wanawake wanapochota maji, dawa inaenda moja kwa moja. Udongo unaweza kuizuia.

Wengi mnajua kuwa ukichanganya dawa ya magugu, hasa glaifoseti au parakwati, na maji ya matope haiuwi majani vizuri. Sababu ni hiyohiyo: udongo umeishika dawa. Chembe za udongo zina chaji hasi, parakwati ina chaji chanya, zikikutana haziachani. Hata hospitali mtu aliyekunywa parakwati anaweza kupewa udongo maalum au mkaa maalum unaoshika sumu tumboni (ikitokea nyumbani usianze kumlisha mtu matope, kimbiza hospitali dakika hiyohiyo na ubebe chupa ya dawa). Udongo mweusi wa mbugani, wa huku chini Kasese na wa Karamoja, ni wa jamii ya smektaiti, yaani udongo wa kuvimba, na unashika mara nyingi zaidi ya kaolini. Ila dawa nyingi za wadudu hazina chaji, zinapenda mafuta, na udongo peke yake hauzitaki sana. Viwandani wanautia udongo kemikali za jamii ya amonia uanze kupenda mafuta. Sisi nyumbani tunachimba shimo, tunautandika chini na juu yake tunajaza mboji na nyasi, na hapo tunapata na vijidudu vya kuila dawa yenyewe, kwa sababu udongo unashika tu, haumalizi.

Shimo la namna hii lilianza Sweden 1993 na sasa liko nchi nyingi. Chagua sehemu ya juu kavu, mbali na kisima na mto. Chimba mita 1 kwa mita 1, kina sentimita 70. Chini kabisa weka udongo mweusi unene wa sentimita 10 na upandishe kuta kidogo, hii ndo sakafu ya kuzuia maji yasipenye. Ili uvimbe na kuziba vizuri uboreshe na magadi: kila kilo 30 za udongo mkavu uliopondwa, kilo 1 ya magadi iliyoyeyushwa majini, kanda mpaka uwe kama unga wa chapati uliokandwa, funika na turubai wiki mbili au tatu ukikanda mara mojamoja. Hapo sodiamu ya magadi inachukua nafasi ya kalsiamu ndani ya udongo na udongo unavimba zaidi ukipata maji. Shindilia kwa miguu au kwa gogo ukiwa na unyevu, tabaka mbili nyembamba, usiache ufa hata mmoja, na usiuache ukauke juani, fanya siku hiyohiyo.

Juu yake jaza sentimita 60 za mchanganyiko: nusu nyasi kavu au mabua ya mpunga yaliyokatwa vipande, robo mboji iliyoiva, robo udongo wa juu wa shamba. Ni kwa ujazo, karai kwa karai, si kwa kilo. Uchanganye nje, lowesha, uache mwezi mmoja au miwili kabla ya kuujaza, ule ukungu mweupe unaoota kwenye nyasi usiuogope, ndo unaofanya kazi. Juu panda majani ya kawaida. Ezeka mabati manne juu kwa sababu mvua yetu ingelijaza likafurika na kubeba kila kitu, na zungushia miba mbuzi wasile yale majani.

Kutumia ni hivi. Pampu ikiisha shambani suuza mara tatu kwa maji kidogo, na kila maji ya kusuuza yanyunyizie kwenye zao lilelile ulilokuwa unapulizia. Kinachokwenda shimoni ni maji ya kuoshea nje ya pampu, glavu, na yaliyomwagika, kidogokidogo, si lita 100 kwa mpigo. Shimo liwe na unyevu kama udongo wa bustani, likikauka sana vijidudu vinalala, likizama maji vinakosa hewa. Kila mwaka mchanganyiko unashuka kwa sababu nyasi zinaoza, ongezea. Usitie humo chupa za dawa, wala mafuta ya pikipiki.

Njia hiihii ya kushika ndo inatumika hata ziwani na baharini kwa ukubwa mwingine. Korea Kusini tangu 1996 wanamwaga udongo wa manjano baharini kuzamisha mwani mwekundu unaoua samaki wanaofugwa humo, na Australia miaka ya 1990 watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la huko, walitia bentonaiti (udongo wa kuvimba) madini ya lanthanamu ili ishike fosfeti, chakula cha mwani, isirudi tena majini. Ukiona ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria ilivo kijani pale mfereji wa Nakivubo unapomwaga uchafu wa Kampala, na maji ya jiji yanavutwa Ggaba, unaelewa kwa nini watu wanafikiria vitu hivo. Lakini kwa maoni yangu kumwaga udongo ziwani wakati mfereji unaendelea kuleta ni hasara, uchafu ushikwe huku juu kwanza, mashambani na majumbani.

Jambo la mwisho kuhusu shimo. Baada ya miaka kadhaa nyasi zote zikiwa zimeoza kuwa kama mboji nyeusi na hazibaki na nyuzi, toa mchanganyiko wote juu ya sakafu ya udongo, urundike peke yake juu ya turubai, ufunike, ukae mwaka mzima. Baada ya hapo utandaze kwenye miti ya mbao kama mikalitusi, usiupeleke kwenye mboga. Sakafu ikague, kama kuna sehemu ina ufa kanda udongo mpya na magadi uzibe kabla ya kujaza upya.